Sura ya Nne: Upande wa Kushoto wa Ng'ombe

Ukitaka kuhisi tumbo la ng'ombe likifanya kazi, simama kushoto kwake, nyuma ya ubavu wa mwisho, pale palipobonyea chini ya mifupa ya kiuno. Kunja ngumi, ikandamize hapo, kisha utulie. Kabla dakika haijaisha utahisi kitu kizito kikiinuka ndani, kikiisukuma ngumi yako nje, halafu kikishuka taratibu. Ng'ombe mwenye afya hufanya hivyo mara moja au mbili kila dakika, usiku na mchana, akiwa amesimama au amelala. Zikipita dakika tano bila mkono wako kusukumwa, mpigie daktari wa mifugo.

Wafugaji wa Njoro, Molo na Subukia wanalijua bonde hilo dogo hata kama hawajawahi kuliona likichorwa. Ng'ombe akivunja ua alfajiri na kula majani machanga ya jamii ya kunde yakiwa bado na umande, bonde hujaa, kisha huvimba hadi kuupita uti wa mgongo. Gesi imekosa njia ya kutoka. Tumbo linakisukuma kiwambo mbele, mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka, na mnyama aliyekuwa mzima saa moja asubuhi anaweza kuwa amekufa kabla ya saa nne. Ikiwa ni povu, hunyweshwa mafuta ya kupikia. Ikiwa ni gesi tupu, hupitishwa mpira mdomoni. Mambo yakifika ukingoni hutobolewa kwa trokari, na kila anayeishika trokari anajua hatoboi kulia. Huko atachoma utumbo.

Kujua kwamba ni kushoto, na kujua kwa nini, ndiyo anatomia ninayotaka kuizungumzia katika sura hii.

Shuleni somo hili huanza na chati. Ini limepakwa hudhurungi, nyongo kijani, mishipa mingine buluu na mingine myekundu, na kila kiungo kina mshale na jina lake. Mwanafunzi hukariri, huchora, hupata alama zake. Siku akipelekwa kichinjioni hukuta mambo mengine kabisa: rundo la kijivu linalotoa mvuke, hakuna cha buluu, na kongosho alilolichora tangu kidato cha kwanza halionekani. Lipo, ila ni kipande laini cha waridi iliyofifia, kimejificha kando ya mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba, na jicho lisilozoea hulidhani mafuta. Tena hakuna kiungo kilicholegea. Kila kimoja kimeshikiliwa na utando mwembamba unaong'aa, na ndani ya utando huo ndimo mishipa ya damu inamopita kuufikia utumbo. Wachora chati huuacha nje kwa sababu unaficha vitu. Kwa maoni yangu, wakiuacha wameacha nusu ya somo, maana ukiushika utando na kuufuata kwa kidole ndipo unapoona nani anamlisha nani.

Ndiyo maana ningependa mwalimu aanze na mnyama, chati ije baadaye. Na kama kuna mahali penye nafasi ya kufanya hivyo, ni Nakuru. Egerton ilianza Njoro mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu mwaka 1987. Naivasha kuna chuo cha mambo ya maziwa na kituo cha utafiti wa ng'ombe wa maziwa. Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo. Kila mtaa una bucha, kila soko lina mama anayeuza matumbo, na jioni ikifika mutura inageuzwa juu ya makaa kando ya barabara, nayo si kitu kingine ila utumbo uliojazwa nyama na damu. Mwanafunzi wa hapa amezungukwa na viungo vilivyofunguliwa, na hakuna anayemwambia avitazame.

Aanze na mbuzi wa kuchoma. Mwuza nyama hushika mguu wa mbele, huuinua kidogo, hupitisha kisu chini ya mfupa wa bega, na mguu mzima unatoka mkononi mwake. Kisu hakijagusa mfupa hata mara moja. Akigeukia mguu wa nyuma, kazi hubadilika: lazima atafute kiungo cha nyonga, aukunje mguu hadi kichwa cha mfupa wa paja kichomoke kwenye kikombe chake kwa mlio, akate kano fupi iliyofichwa ndani, ndipo uachilie. Waulize wanafunzi kwa nini miguu miwili ya mnyama mmoja imefungwa kwa namna mbili tofauti, kisha nyamaza uwaache wabishane.

Mbuzi hana mtulinga. Kondoo hana, ng'ombe hana, farasi hana. Miguu ya mbele haikuungwa na kiwiliwili kwa mfupa wowote. Kifua kinaning'inia katikati ya mabega kwa misuli na kano peke yake. Na miguu hiyo ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu kichwa na shingo viko upande huo. Mbuzi akiruka kutoka kwenye jiwe hadi jingine kwenye kuta za Menengai, anatua kwa miguu ya mbele, na misuli ile inameza kishindo kabla hakijafika uti wa mgongo. Miguu ya nyuma kazi yake ni kusukuma, na msukumo unahitaji mfupa uliogusana na mfupa ili nguvu isipotee njiani. Ujuzi wa kutenganisha viungo kwa njia fupi ni wa kale sana katika Bonde la Ufa. Kariandusi, karibu na Gilgil, yamelala mashoka ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, baadhi yakiwa ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho ukingo wake hukata ngozi bila kubishana. Waliokuwa wakiyachonga hawakuwa na chati.

Sasa twende kwa mama wa matumbo. Meza yake ina mfumo mzima wa kusaga chakula, uliooshwa na kukatwa vipande, na mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuupanga upya kama mama ana subira.

"Mama, samahani, rumeni ni ipi hapa?"

"Hiyo siijui, mwanangu. Unataka taulo ama kitabu?"

Taulo ndiyo rumeni. Pitisha kidole juu yake: imejaa vinundu vingi vilivyosimama, na kila kinundu ni mahali pa kunyonya. Hicho ndicho chumba kilichoisukuma ngumi yako. Kwa ng'ombe mkubwa wa Friesian huchukua lita 100 hadi 200, na kimeenea kuanzia kwenye kiwambo hadi karibu na nyonga, kikiuteka upande wote wa kushoto na kuusukuma utumbo kulia. Mbele yake kuna chumba kidogo chenye kuta za pembe sita sita, retikulamu. Kitabu ni chumba cha tatu, omasamu, kilichojaa kurasa nyembamba zinazokamua maji kutoka kwenye chakula; wengine hukiita Biblia. Cha nne, abomasamu, ni laini na chenye utelezi, na ndicho pekee kinachotoa asidi. Watu husema ng'ombe ana matumbo manne. Ana moja lenye vyumba vinne, na chumba cha mwisho tu ndicho kinachofanana na tumbo letu.

Vile vyumba vitatu vya mwanzo havimeng'enyi kitu kwa nguvu zake. Vinafuga. Ndani ya rumeni kuna bakteria, protozoa na kuvu wasiohesabika, wakiishi gizani bila oksijeni, katika joto la nyuzi 39 hivi, na hao ndio wanaovunja majani. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja ukuta wa jani. Kazi yake ni kuwahudumia wapangaji: huwaletea majani, huyacheua na kuyasaga upya, na humwaga mate lita 100 au zaidi kila siku kuipunguza asidi wanayotengeneza. Naye huishi kwa asidi hizo, huwameng'enya wapangaji wenyewe wakiteremka abomasamu, na hucheua nje gesi iliyobaki, methani ikiwa lita 250 hadi 500 kwa siku. Fungua mdomo wa ng'ombe utaona hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu tu. Hahitaji kukata vizuri. Anahitaji kumeza haraka, atafune baadaye akiwa kivulini.

Ndama ni mnyama tofauti. Anapozaliwa, rumeni yake ni ndogo na abomasamu ndiyo kubwa. Akinyonya, mfereji kwenye ukuta wa tumbo hujikunja na kuwa bomba linalopitisha maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne. Mfereji usipofunga sawasawa, kwa mfano maziwa yakiwa baridi au akinyweshwa kwa nguvu, yanamwagikia rumeni na kuchacha, na ndama huharisha. Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wamepoteza ndama kwa sababu ya mfereji wa sentimita chache ambao hawajui kama upo.

Katika vitabu vya tiba ya mifugo kuna ugonjwa uliobatizwa jina la mji huu: Nakuruitis. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alipoanzisha shamba lake kubwa Njoro, mifugo yake ya kigeni ilidhoofu na kufa. Magonjwa yalichangia, lakini malisho yenyewe pia yalikuwa na kasoro ya madini. Katika Nakuruitis, mnyama hukonda katikati ya majani mengi. Hamu ya kula hupotea, damu hupungua, manyoya hukosa mng'ao. Kondoo huumia zaidi, ng'ombe hufuata, na farasi anayelishwa uwanda huo huo hunawiri. Kisababishi cha magonjwa ya aina hii kilibainishwa Australia katikati ya miaka ya 1930: udongo, mara nyingi wa majivu ya volkano kama huu wetu, ulikuwa na kobalti kidogo mno.

Lakini kwa nini farasi asiugue? Kobalti haihitajiwi na ng'ombe moja kwa moja. Wanaoihitaji ni bakteria wa rumeni, chumba ambacho farasi hana, nao huitumia kutengeneza vitamini B12, kisha ng'ombe huichukua vitamini hiyo kwenye utumbo mwembamba. Mdunge kondoo mgonjwa kobalti, hapati nafuu. Mpe kobalti ile ile mdomoni, atapona. Mdunge B12 yenyewe, atapona pia. Sindano ile ya kwanza inashindwa kwa sababu dawa imeingia mlango usio wake. Ningekuwa na dakika 40 tu za kufundisha maana ya mfumo wa viungo, ningewapa wanafunzi fumbo hilo la tiba tatu niwaache walifumbue. Wakilifumbua, wataelewa kwa nini mfuko wa chumvi ya madini dukani Njoro una neno kobalti kwenye lebo.

Rudi kwenye ile retikulamu yenye pembe sita. Imekaa mbele kabisa, imeegemea kiwambo, na upande wa pili wa kiwambo, sentimita chache tu, ndipo moyo ulipo. Ng'ombe hachambui chakula kwa ulimi. Msumari au kipande cha waya wa ua kikiwa kwenye nyasi, hukimeza, nacho kwa uzito wake huangukia chumba hicho. Kila rumeni inapojikaza, retikulamu nayo hujikaza, na waya husukumwa mbele. Siku moja hupenya ukuta, hupenya kiwambo, huingia kwenye mfuko unaofunika moyo. Mfugaji anaona ng'ombe akisimama na viwiko vya miguu ya mbele vimetanuka, hataki kuteremka mteremko, mshipa wa shingo umevimba. Ugonjwa wa moyo umeanzia tumboni. Baadhi ya wafugaji humezesha ng'ombe sumaku ndogo, ambayo hutua papo hapo kwenye retikulamu na kukaa humo maisha yake yote ikishika misumari. Mifuko ya plastiki haishikwi na sumaku. Ilijaa rumeni za ng'ombe waliochungwa kandokando ya miji yetu hadi machinjioni wakazoea kuitoa, na ilikuwa mojawapo ya hoja zilizotajwa Kenya ilipoipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017.

Kuhusu damu, mwalimu bora wa Bonde la Ufa hakusoma chuo. Wamaasai na majirani zao Wakalenjin wamekuwa wakitoa damu ya ng'ombe aliye hai tangu zamani, na ng'ombe akarudi malishoni. Tazama wanavyofanya. Ukanda wa ngozi hufungwa chini ya shingo na kukazwa. Mshipa mkubwa ulio kwenye mfereji wa shingo huvimba. Mpiga upinde husogea karibu na kuachilia mshale wenye ncha fupi na kizuizi nyuma ya ncha, ili usiingie zaidi ya pale unapotakiwa. Damu hutiririka kwenye kibuyu. Kikijaa, ukanda hulegezwa, na damu hukoma karibu mara moja.

Kila hatua hapo ni anatomia. Kizuizi cha mshale ni kipimo cha kina: ateri ya shingo iko ndani zaidi, karibu na bomba la pumzi, na ikitobolewa ng'ombe hufa. Lakini la kusisimua zaidi ni ukanda. Mshipa huvimba upande gani wa ukanda? Upande wa kichwa. Chini ya ukanda, kuelekea kifuani, hunywea. Maana yake damu iliyo katika mshipa huo inateremka kutoka kichwani kwenda moyoni, na ukanda umeifungia njia. Kwa zaidi ya miaka 1,000 madaktari wa Ulaya waliamini, wakimfuata Galen, kwamba damu hutengenezwa katika ini na kutumika ikaisha mwilini, bila kurudi mahali ilipotoka. Mwaka 1628 William Harvey alichapisha kitabu mjini Frankfurt akionyesha kwamba damu huzunguka, na mojawapo ya hoja zake nzito ilikuwa mkono wa mtu uliofungwa kamba, akionyesha mshipa ukijaa upande mmoja na kukauka upande wa pili. Sisemi mchungaji alikuwa na nadharia ya Harvey. Nasema jaribio lake lilifanyika Bonde la Ufa kila damu ilipotolewa, mbele ya vijana wenye macho, na shule zetu bado zinalifundisha kwa mchoro wa mkono wa Mzungu.

Si lazima mtu atoe damu. Mwombe daktari wa mifugo amsimamishe ng'ombe mpole, kila mwanafunzi akandamize kidole gumba kwenye mfereji wa shingo kwa nguvu, asubiri. Mshipa utajaa juu ya kidole hadi uonekane kwa macho. Aachilie, autazame ukimiminika. Hapo ndipo daktari anapochomea sindano akitaka damu ya maabara.

Kwa mapafu na moyo, nenda bucha siku moja kabla ya somo, umwombe mwenye bucha mapafu ya mbuzi yaliyopitishwa na mkaguzi, bomba la pumzi likiwa bado limeshikamana nayo na moyo ukining'inia. Utayakuta yamechanjwa mahali, kwa sababu mkaguzi lazima atazame ndani. Tafuta yenye angalau upande mmoja mzima. Ingiza mpira wa pampu ya baiskeli kwenye bomba la pumzi, funga kwa uzi, pampu polepole. Kile kipande kilichonywea, chekundu cha kuiva, kinaamka, kinapauka na kuwa waridi, kinajaa hadi kufunika meza. Kisha fungua uzi. Kinanywea chenyewe, bila kukamuliwa na mtu. Wanafunzi wengi hudhani kutoa pumzi ni kazi. Hapa wanaona ni mnyumbuko wa tishu tu, na kwamba kazi ipo wakati wa kuvuta, nayo hufanywa na kiwambo na mbavu. Usiruhusu mtu apulize kwa mdomo, kwa sababu kifua kikuu cha ng'ombe na brusela havichagui mwanafunzi hodari. Kata kipande cha pafu ukitupe kwenye ndoo ya maji, kitaelea. Cha ini kitazama.

Moyo upasue kwa wima. Ukuta wa kushoto una unene wa karibu mara tatu ya wa kulia. Wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu yaliyo jirani, wa kushoto unaipeleka hadi kwato.

Kuku atawachanganya, na hiyo ndiyo sababu ya kumleta. Yeyote aliyewahi kumsafisha kuku jikoni anajua mapafu hayatoki kwa kuvutwa. Yamebanana katikati ya mbavu na lazima yakwanguliwe kwa kidole. Pafu la ndege halitanuki wala halinywei. Kuku hana kiwambo kama cha mbuzi. Badala yake ana vifuko vya hewa vyenye ukuta mwembamba mno, ambavyo hupasuka mara tu kisu kinapoingia, hivyo wengi hula kuku maisha yao yote bila kuviona. Vifuko hivyo ndivyo vinavyotanuka na kunywea, vikiipitisha hewa ndani ya pafu kwa mwelekeo mmoja tu. Hewa aliyoivuta sasa hivi itatoka baada ya pumzi mbili. Vifuko vingine huingia hadi ndani ya mfupa wa bawa. John Hunter, daktari wa upasuaji wa Uskoti katika karne ya 18, alionyesha kwamba ndege aliyezibwa koo anaweza kupumua kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. Na kama mwanafunzi anataka mtaalamu wa karibu zaidi, mapafu ya ndege yana mtafiti wake mashuhuri duniani aliyetoka idara ya anatomia ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa John Maina.

Gole na firigisi kila mtu anavijua, nisivirudie. Ila tazama kushoto tena: kuku jike ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto, iliyosheheni viini vya kila ukubwa. Ya kulia huanza akiwa ndani ya yai kisha hukoma kukua. Wala hana kibofu. Taka ya figo zake hutoka na kinyesi, ndiyo ile sehemu nyeupe inayochafua kiti cha mtu aliyeegesha pikipiki chini ya mti.

Suala hilo la taka ya figo, yaani nitrojeni, linatufikisha Ziwa Nakuru. Wageni huja Nakuru kwa ajili ya heroe, lakini mwenye kupenda figo atavutiwa zaidi na samaki mdogo aitwaye Alcolapia grahami, aliyeletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu. Mwari walimfuata kwa makundi. Samaki wengi huachilia amonia kupitia matamvua, nayo huyeyukia majini. Katika maji yenye magadi makali kama yale, amonia inagoma kutoka. Mwaka 1989 watafiti walitangaza kwamba samaki huyu hutoa nitrojeni yake yote kwa njia ya urea, kama ng'ombe, kama mimi na wewe. Oksijeni ikipungua usiku hupanda juu na kumeza hewa, na mfuko wake wa kuelea hufanya kazi ya pafu. Maina alikuwa miongoni mwa waliouchunguza mfuko huo.

Yote hayo yanahusu kufungua. Kuna mzoga usiofunguliwa. Mnyama akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na kwenye njia ya haja kubwa, mwili ukiwa haujakakamaa, weka kisu chini. Hicho ni kimeta hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 2015 kiliua nyati wengi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, na kwenye mashamba ya jirani watu huambukizwa kwa kugawana nyama ya ng'ombe aliyekufa. Bakteria wakiwa ndani ya mzoga uliofungwa hufa kwa uozo baada ya siku chache. Ukiupasua, wanakutana na hewa na kujifungia ndani ya spora, ambazo hukaa ardhini kwa miongo. Ukimwita daktari wa mifugo, hufanya jambo dogo sana: huchoma mshipa wa sikio, hupaka tone moja kwenye kioo cha hadubini, basi. Wengu uliovimba mara kadhaa, ule ambao vitabu vya zamani vilipenda kuuchora, hauhitaji kuonwa na mtu yeyote.

Limebaki swali ambalo walimu hulikumbuka somo likiwa limekwisha: mabaki yaende wapi? Mara nyingi jibu liko mlangoni, limekaa likitikisa mkia. Kwenye ini na mapafu ya kondoo au mbuzi huonekana wakati mwingine vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vikubwa kama limau. Ndani yake mna vichwa vya tegu mdogo, Echinococcus granulosus, anayekomaa ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa akila kifuko hicho, hupata minyoo. Mayai hutoka na kinyesi, huingia malishoni, na pia huingia mikononi mwa mtoto anayecheza na mbwa. Ndani ya mtu, kifuko hukua kimyakimya kwenye ini kwa miaka. Turkana, kaskazini mwa bonde hili hili, imewahi kuwa na viwango vya juu kabisa vya ugonjwa huo duniani. Kwa hiyo mabaki yachomwe, au yazikwe kwenye shimo la kina lenye chokaa ambalo hakuna mbwa atakayelifukua. Meza ioshwe kwa maji moto na sabuni, visu vichemshwe, na yule mbwa wa shule apewe dawa ya tegu, prazikwanteli, kabla ya somo linalofuata.